London mpaka Dar: hizo saa kumi ni za nani?

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana kwelikweli, lakini leo nina mapumziko ya siku mbili, nguo ziko kwenye mashine na chai iko mezani. Basi tuzungumze.

Kuna swali ambalo sisi tulioko huku Uingereza tunaulizwa kila tukipiga simu nyumbani: "Hivi kutoka London mpaka Dar ni saa ngapi?" Na kuna jibu ambalo karibu kila mmoja wetu hulitoa bila hata kufikiri: "Aah, masaa kumi tu, unalala unaamka umefika." Mimi naona jibu hilo linatudanganya sisi wenyewe na linawadanganya wazee wetu. Ubaya wake ni kwamba huugundui uongo wake ukiwa unakwenda likizo. Unaugundua siku ya msiba.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana si mbaya kuijua. Ukiandika majina ya miji hii miwili kwenye mtandao utapewa umbali wa angani wa kama kilomita 7,500. Hiyo ni njia fupi kabisa, kama vile umevuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka London mpaka Dar es Salaam. Ndege kubwa ikishapanda juu hukimbia kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 8 na dakika 20 hivi. Ongeza muda wa kupanda, kushuka, kuzunguka uwanjani kabla ya kuruka na kukwepa njia zisizopitika, unafika kwenye saa tisa na nusu au kumi. Kwa hiyo aliyesema saa kumi hakusema uongo wa hesabu.

Tena njia yetu ina bahati yake. Wenzetu wa Marekani na Canada wanavuka masaa mengi ya tofauti, mtu anafika Dar usiku na mwili unamwambia ni mchana. Sisi tunashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, tofauti ya saa ni tatu tu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Unaamka siku ya pili uko sawa. Hata upepo hausumbui sana. Kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana ndege ya Kenya Airways iliyoanza kwenda New York moja kwa moja mwaka 2018 inachukua kama saa 15 kutoka Nairobi na saa 14 hivi kurudi. Sisi upepo huo tunaukata kwa ubavu tu huko Ulaya, basi kwenda na kurudi havipishani sana.

Na tukumbuke tulikotoka. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, Comet ya shirika la BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika baada ya karibu saa 24, na dunia nzima ikashangaa kwa kasi hiyo. Baadaye shirika letu wenyewe la East African Airways lilikuwa na ndege za VC10 zilizokuwa zikija London, mpaka shirika lilipokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Kwa hiyo mtu akisema dunia imekuwa ndogo, simbishii.

Sasa njoo kwenye ukweli wa mtu mwenye tiketi mkononi. British Airways waliacha kwenda Dar mwaka 2013, na tangu hapo wengi wetu tunaunganisha ndege. Chukua ramani uone tunavyozungushwa. Ukipitia Nairobi, karibu uko kwenye uzi uleule, maana London mpaka Nairobi ni kama kilomita 6,840 na kutoka hapo mpaka Dar ni 670 hivi. Addis Ababa nayo haikupotezi, unaongeza kilomita 150 au 200. Amsterdam unaongeza kama 200. Istanbul unaongeza kama 400. Lakini ukipitia Doha jumla inafika karibu 9,000, na Dubai karibu 9,500. Yaani kwa Dubai unaongeza kilomita 2,000, ambazo ni kama kutoka Dar mpaka Bukoba kwa angani, kwenda na kurudi. Tunafanya hivyo kwa sababu mara nyingi tiketi za huko ndizo zinazoendana na mfuko, au mizigo wanayoruhusu ni mingi. Sina ugomvi na hilo. Ninachosema ni kwamba zile kilomita 7,500 za mtandaoni si zako. Ni za ndege ambayo hukuipanda.

Tena umbali huu hauna adabu, hubadilika. Aprili 2010 volkano ya Iceland ilirusha majivu na Ulaya ikafunga anga yake karibu wiki nzima. Mwaka 2020 korona ilifunga kila kitu, sote tunakumbuka, mimi nilikuwa wodini na wenzangu waliozika kwa kutazama simu hawana hesabu. Aprili 2023 vita vilipoanza Sudan anga yao ikafungwa, na ndege za kutoka Ulaya kwenda Afrika Mashariki zikalazimika kuizunguka nchi hiyo kubwa. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu ya makombora ya Iran, na abiria kibao wakakwama au kugeuzwa njiani. Katika siku kama hizo muulize mtu aliyekwama uwanjani London mpaka Dar ni saa ngapi.

Haya, sasa tupige hesabu ya mlango kwa mlango. Mimi kwetu ni Tanga na huku naishi mji ambao uko mwendo wa basi wa saa tatu mpaka Heathrow. Basi saa tatu. Uwanjani natakiwa niwahi saa tatu kabla. Ndege ya kwanza mpaka Ghuba kama saa saba. Kusubiri ndege ya pili, tuseme saa nne kama una bahati. Ndege ya pili kama saa sita. Kushuka, kugonga paspoti, kungoja begi, saa moja na nusu. Halafu Dar mpaka Tanga kwa basi, saa sita kama foleni ya kutoka mjini ina huruma. Jumlisha: saa 30 na nusu. Na hapo nimechukulia kwamba simu ilipoingia nilikuwa nimevaa viatu, tiketi iko mfukoni na meneja wa wodi amekwisha sema nenda. Katika maisha ya kweli ongeza nusu siku au siku nzima ya kutafuta tiketi, kutafuta mtu wa kushika zamu zako na kutafuta wa kukuangalizia watoto.

Kwetu Tanga mtu akifa alfajiri, akiwahi sana anazikwa alasiri, akichelewa sana ni kesho yake. Ndiyo dini na ndiyo mila, na mimi siipingi. Lakini maana yake ni kwamba hakuna ndege duniani, wala tiketi ya bei yoyote, itakayonifikisha mimi kwenye maziko ya mama yangu kama nitaondoka baada ya kupigiwa simu ya msiba. Nasema tena, hakuna. Saa 30 haziingii ndani ya saa 12. Wenzangu wa mikoa ambako mwili unasubiri mochwari mpaka wiki wanaweza kuwahi, lakini waulizeni nyumbani gharama ya kusubiriwa: mochwari inalipiwa, matanga yanalisha watu siku tano badala ya mbili, wajomba waliotoka mbali wanashindwa kurudi kazini, wote wanamngoja mtu mmoja wa Ulaya.

Ndiyo maana msimamo wangu, na najua wengine mtanuna, ni huu: hela na siku za likizo tulizoweka kwa ajili ya msiba tuzitumie kwa mgonjwa. Tusafiri mtu akiwa hai. Na akishafariki, tuwaambie nyumbani kwa kinywa chetu, mapema, kabla halijatokea: "Zikeni, msinisubiri."

Kazi yangu imenifundisha hili kuliko chochote. Wodini kwetu wagonjwa wana watoto Canada, Australia, Ufilipino, India, Nigeria. Nimeona watoto waliofika mzee akiwa bado anazungumza, wakakaa naye siku tano, wakamlisha supu, wakacheka naye, wakaombana radhi, kisha wakarudi kazini na maziko wakayaona kwa simu. Na nimeona waliofika wakiwa na suti nyeusi kwenye begi, saa mbili baada ya mtu kukata roho. Wote wanalia, ndiyo. Lakini vilio havifanani. Huyu wa pili analia na swali ambalo hakuna sista wala daktari anayeweza kumjibu.

Mtasema, sasa nitajuaje kwamba mtu anakaribia? Hapo ndipo ninapotaka kugusa kidonda chenyewe. Kipande kirefu kabisa cha safari ya London mpaka Dar hakiko angani. Kiko kati ya kitanda cha mgonjwa na simu yangu. Ndege inachukua saa kumi, habari inachukua wiki tatu.

Nyumbani wana upendo wa kutuficha. Mama yangu mkubwa aliyenilea alipougua, niliambiwa "anaumwa kidogo, malaria tu". Wiki iliyofuata "anaendelea vizuri, amekula uji". Wiki ya tatu "tumempeleka hospitali akapumzike". Mimi ni nesi, nina digrii ya haya mambo, na nikiuliza presha ngapi, mkojo unatoka, miguu imevimba, naambiwa "wewe fanya kazi mwanangu, usihangaike". Simu ya nne ilikuwa ya msiba. Nilipofika siku ya tatu baada ya maziko ndipo nikaambiwa figo zilikuwa zimekufa tangu mwanzo, na daktari aliwaeleza wazi siku ya kwanza. Wiki tatu! Katika wiki tatu ningeweza kwenda na kurudi na kwenda tena. Nilipouliza kwa nini, kaka yangu akajibu: "Tulijua uko mbali, tukaona tusikutie wasiwasi, utafanyaje na uko Ulaya?"

Unaona mambo yalivyogeuka? Siku za harusi tuko karibu, masaa kumi tu, njoo na suti za mabwana harusi. Siku za ugonjwa tuko mbali mno, hakuna haja hata ya kutuambia. Na sisi ndio tuliowafundisha hivyo, kwa kujisifu kuwa ni masaa kumi tu na wakati huohuo kukaa miaka sita bila kutia mguu.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande zote mbili.

Kwa walioko nyumbani. Tafadhalini, msituchagulie wasiwasi. Wasiwasi tunao tayari, tunalala nao. Mgonjwa mwenyewe muulizeni kama anapenda watoto waambiwe, maana ugonjwa ni wake, na akikubali tuambieni jina la ugonjwa kama daktari alivyolitaja. Kama ni kansa semeni kansa. Kama ni kiharusi semeni kiharusi. Mkiona mtu haamki tena kitandani, amekataa chakula siku kadhaa, analala muda mwingi kuliko kuwa macho, amekuwa hajui watu, hiyo ndiyo siku ya kupiga simu, msingoje sentensi nyingine. Si kila mmoja ataweza kuja. Lakini anayeweza apewe nafasi ya kuchagua.

Kwa sisi wa huku. Tuache kuuliza "anaendeleaje?" maana jibu lake siku zote ni "anaendelea vizuri". Uliza amekula nini leo. Uliza anakwenda chooni mwenyewe? Uliza daktari alitumia neno gani. Omba uzungumze na mgonjwa, na umsikilize anavyopumua kati ya maneno. Mteue mtu mmoja kwenye ukoo, asiyeogopa kusema, mara nyingi ni shangazi au binamu wa kike, mwambie wewe ndiye macho yangu, na siku ukiniambia njoo nitakuja bila kukuhoji.

Halafu tujipange kama watu wanaojua hesabu ya saa 30. Paspoti iwe na zaidi ya miezi sita. Mnaotumia paspoti ya Uingereza mlijue suala la viza mapema, msije mkalifungulia uwanjani. Wenye ruhusa ya kuishi hapa, kadi zile za zamani zimeisha kazi na sasa ni viza za mtandaoni, basi ukipata paspoti mpya hakikisha imeunganishwa na akaunti yako, usije ukatoka ukashindwa kurudi kazini. Wekeni akiba ya nauli mahali ambapo hamuigusi kwa simu mpya. Zungumza na meneja wako kabla ya dharura, mwambie nina mzazi mgonjwa Tanzania, utaratibu wa ruhusa ni upi? Sisi wa NHS tunaanza na siku 27 za likizo kwa mwaka, mbali na sikukuu. Usizimalize zote ifikapo Agosti kama una mgonjwa nyumbani.

Najua hoja ya upande wa pili. Mtu ataniambia, dada, nauli ni moja tu, nikienda kumwona mgonjwa halafu akafa mwezi ujao sitakuwa na nauli ya maziko, na ukoo utanisema mpaka kiama. Naijua aibu hiyo, si ndogo. Kwetu mtu hupimwa kwa msiba, na asiyeonekana msibani huwekwa kwenye daftari. Lakini nakuuliza, ulikuwa unakwenda kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya majirani, ngoja maziko. Kama ni kwa ajili ya mama, mama anakuona leo. Marehemu hajui nani amesimama kwenye mstari wa kutupa udongo. Mgonjwa anajua nani amemshika mkono.

Mwingine atasema, na vifo vya ghafla je? Ajali, moyo kusimama? Hapo sina dawa. Kwa vifo hivyo sote tuko mbali, hata aliyeko Kariakoo na mzazi wake yuko Mbagala. Ndiyo sababu nyingine ya kutowahesabia wazee wetu miaka kama tunaowadai. Nenda mwaka huu akiwa mzima.

Na kama una uwezo wa kumleta mzazi huku akutembelee, mlete, lakini usisahau kwamba saa kumi za kijana si saa kumi za mzee. Hewa ndani ya ndege hushinikizwa kiasi kwamba ni kama uko kwenye mlima wa hadi mita 2,400, juu kuliko Mbeya mjini. Mzee mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu au damu pungufu, na yeyote mwenye selimundu, aonane na daktari kwanza. Kukaa bila kunyoosha miguu huweza kugandisha damu kwenye mishipa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kuwa safari inayozidi saa nne huongeza hatari hiyo kama mara mbili, ingawa bado ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Si ya kutisha, ila mwambie asimame, atembee, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, anywe maji. Insulini na dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini ambako insulini inaweza kuganda. Na mwombee kiti cha magurudumu, hata kama anakataa kwa kiburi chake. Akishaona ukubwa wa viwanja vya kuunganishia atakushukuru.

Basi siku nyingine mtu akikuuliza London mpaka Dar ni saa ngapi, usimjibu kumi. Mwambie ni kama siku moja na nusu mlango kwa mlango, ukianza leo, ukiwa na nauli, ukiwa umeambiwa ukweli. Na bibi yangu akiuliza, mimi nitamjibu hivi: ni mbali bibi, ndiyo maana nakuja Desemba, usiugue kwanza.

Nawasilisha. Wenye hoja tofauti karibuni, hasa nyinyi wa Muscat na Dubai ambao ndege zenu za kwenda Dar na Zanzibar ni saa tano au sita tu. Mnawahi maziko nyinyi, au na kwenu habari ndiyo inayochelewa?